Jiwe Lililotazama Hatch

Nyumba ya Mwalimu, Orling
9 Oktoba 1955

Mdogo wangu Clement,

Salamu zangu zikufikie wewe, Isobel na Joyce, huko New Zealand ambako naambiwa maua ndiyo kwanza yanachipua wakati sisi tunafagia majani yaliyokwisha kuanguka. Mimi sijambo. Goti la kushoto hunitabiria mvua kabla ya redio, na mara nyingi hupatia kuliko redio. Paka amezaa watoto watano ndani ya kapu la kofia zilizookotwa, na wiki hiyo hakuna mtoto aliyejifunza hesabu shuleni.

Hopsi za kutengenezea bia zimekwisha kuchumwa na wanafunzi wamerudi darasani na vidole vyeusi. Jumapili iliyopita tulikuwa na ibada ya mavuno. Bi. Gummery alileta boga lake, kama kila mwaka, akalikalisha mbele ya boga la kila mtu, kama kila mwaka. Kasisi Lacey alihubiri dakika arobaini juu ya unyenyekevu huku akilitazama boga lile.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana wewe husoma barua kama unavyokula, nyama kwanza. Nimebaki na watoto kumi na watatu. Halmashauri imeandika kwamba shule yenye watoto chini ya kumi na sita ikifika Pasaka itafungwa, na watoto wake watapelekwa Marsh Hatch kwa basi. Hatch, Clem. Watoto wa Orling wafundishwe kuandika na watu wanaotia sukari kwenye maharage.

Katika kile kijumba cha marehemu Annie Pask, njia ya kwenda Hatch, wamehamia Reg Tranter na mkewe Olive, na wana watoto wanne wa umri wa shule. Kumi na watatu na wanne ni kumi na saba. Olive anataka kuwaleta kwangu. Kwa miguu ni nusu maili tu, lakini basi la Hatch wanalifuata njia panda, zaidi ya maili nzima ya tope, na mdogo wao Nell ana miaka mitano. Ofisi inakataa. Hati ya aliyeijenga shule yetu inasema ni ya watoto wanaolala ndani ya mawe ya mpaka ya Orling. Ramani za ofisini ni mbili: moja inakiweka kijumba ndani, nyingine nje, kwa sababu zinafuata kijito na kijito kilihama. Wamesema basi tuwaonyeshe jiwe. Jiwe halionekani. Ua wa miti umeota pale miaka thelathini bila kufyekwa na mtu.

Nani anajua lilipo? Sisi wasichana tuliachwa ukumbini kukata mkate, hatukuruhusiwa kutembea mipaka na wanaume, jiwe hadi jiwe. Matembezi ya mwisho yalikuwa mwaka 1921, na wavulana watatu ndio waliopinduliwa kichwa chini miguu juu, wakagongwa utosi kwenye kila jiwe ili wasisahau mpaka maisha yao yote. Bert Lugg amelala kaburini Burma tangu vita. Ivor Meek tulimzika mwaka juzi. Umebaki wewe na utosi wako. Uulize, kisha uniandikie.

Dada yako,
Enid


Southland
28 Novemba 1955

Dada Enid,

Barua yako imefika na imetufurahisha, hasa boga. Isobel ameisoma mara mbili, na Joyce anataka mmoja wa wale paka, kana kwamba paka hutumwa kwa posta.

Huku ni kunyoa kondoo tangu kukicha mpaka jua litue. Wanyoaji wamekuja sita, wanakula kama kumi na wawili. Mgongo wangu umeanza kunung'unika, lakini sijamwambia mtu, kwa hiyo na wewe usimwandikie Isobel. Mbwa wangu wa zamani, Fly, amekufa kwa uzee. Nimempata mwingine anayeogopa kondoo. Namfungia nje ya zizi ili wasimdhulumu. Joyce amechumbiwa na kijana anayeuza matrekta. Ni mtu mzuri, ila huzungumza juu ya gia hata mezani, na Isobel anasema mimi sina la kumlaumu kwa kuwa nami huzungumza juu ya minyoo ya kondoo.

Mwaka huu nyasi ni nzuri. Bei ya sufu haikupanda wala haikushuka.

Umeuliza habari za jiwe. Ni mambo ya zamani sana, dada, na utosi wangu hauna tena nywele za kuukumbusha. Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka mkate wa tangawizi, na kwamba Bert alitapika. Labda ofisi itakubaliana na ramani mojawapo. Na Hatch si pabaya kama tulivyokuwa tukisema. Basi lao angalau lina mlango.

Nawatakia Krismasi njema.

Ndugu yako,
Clem


Nyumba ya Mwalimu, Orling
22 Januari 1956

Mdogo wangu Clement,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa Fly. Namkumbuka katika picha ile aliyofumba macho. Mwambie Joyce nimefurahi, na amwambie mchumba wake kwamba shangazi anayo baiskeli inayohitaji mtu wa gia.

Kwetu ni theluji. Maziwa ya watoto huletwa yameganda na vifuniko vya chupa vimeinuliwa na barafu, tunayapanga kuzunguka jiko hadi saa nne. Gari la chakula kutoka Hatch halikufika siku mbili, basi Bi. Gummery alituletea mchuzi wa viazi kwa toroli, na watoto wakala kuliko wanavyokula cha serikali. Mchezo wa Krismasi ulikwenda vizuri, ila mchungaji wa pili aliingia na mwanakondoo wa kweli, naye akala nyasi za hori.

Clem, umeniandikia kurasa tatu za kondoo na mistari sita ya jiwe, na umeituma kwa meli. Wewe hutumia ndege hata kuniambia heri ya kuzaliwa. Barua imekaa baharini wiki saba, nami nimefundisha miaka ishirini na saba. Mtoto anayejua jibu na hataki kulisema, kwanza huomba ruhusa ya kwenda chooni. Naona wewe umekwenda chooni kwa meli.

Sitakulazimisha. Mwaka alipofariki baba sikukuuliza kwa nini hukuja kumzika, na leo sikuulizi. Kila mtu ana kabati lake. Ila mtu wa halmashauri, Bwana Dutton, anakuja tarehe kumi na mbili Aprili kuhesabu vichwa, na sina mwingine wa kumwendea.

Karibu ni Jumatano ya Majivu. Kila mwaka siku hiyo namkumbuka baba kuliko siku zote. Unakumbuka kifua chake? Kiangazi chote mzima, baridi yote mzima, ikifika ibada ile, kasisi akianza kusoma zile laana za wenye dhambi na sisi kuitikia Amina, baba anakohoa hadi benchi linatikisika. Miaka mingi nilimchemshia asali na vitunguu kuanzia wiki moja kabla, na haikusaidia kitu. Daktari alisema ni majivu. Nilimwambia kanisa letu halitumii majivu, ni jina tu.

Enid


Southland
11 Februari 1956

Dada,

Sisi wazima. Naandika kwa ndege, kama unavyoona.

Panda njia ya Hatch, pita kijumba cha Pask, uhesabu hatua arobaini za mtu mzima kutoka kona ya ukuta wake. Upande wa kulia kulikuwa na mholi mdogo, ule mti wa majani ya miiba. Sasa utakuwa mkubwa. Chimbeni chini yake, upande wa mtaro. Jiwe lipo pale. Hapo ndipo nilipogongwa, na kijumba kiko ndani.

Usiniulize zaidi ya hapo.

Mimi nina langu la kuuliza, na hukulitaja hata mara moja. Shule ikifungwa, utakaa wapi?

Clem


Nyumba ya Mwalimu, Orling
4 Machi 1956

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Theluji imeyeyuka, goti limenyamaza, na watoto wa paka wamepata nyumba wote isipokuwa mmoja, ambaye nadhani ameshaamua kuwa yangu ndiyo yake.

Tumelipata. Jumamosi Reg Tranter alikwenda na mtaimbo na panga, nami nikaenda na watoto wote kumi na watatu na wale wanne, kwa sababu nilisema hili ni somo la historia. Nell alihesabu hatua mwenyewe, akazidisha, maana miguu yake ni mifupi, ikabidi Reg ahesabu upya. Mholi umekuwa mkubwa kama kanisa dogo. Tulichimba kwa saa nzima. Lilipotokea, watoto walitaka wote wapinduliwe na kugongwa. Niliwaruhusu. Kasisi Lacey alipita kwa baiskeli akanikuta mimi, mwalimu mkuu, nimemshika Nell Tranter miguu juu. Aliinua kofia na kuendelea na safari yake.

Nimefurahi, Clem, mpaka nililia kidogo nyuma ya mholi.

Ila kuna jambo moja. Jiwe lina herufi mbili, kama yote. Upande wa O hutazama Orling na upande wa H hutazama Hatch, ndivyo yalivyo mawe yote kumi na moja mengine, nimekwenda kuyaangalia. Hili limegeuka. O inatazama Hatch. Reg anasema halikuzungushwa na mizizi, limekaa wima na limeshindiliwa mawe madogo chini kwa ustadi. Anasema aliyeliweka alijua kazi yake, ila hakusoma.

Uliniambia nisiulize. Siulizi. Nakueleza tu ninachokiona.

Kuhusu nyumba, nyumba ipo, usijisumbue.

Enid


Southland
22 Machi 1956

Dada yangu,

Isobel na Joyce wanakusalimu. Harusi ni Novemba. Mbwa mpya amemfukuza kondoo mmoja, na wote wawili walishangaa.

Nimeweka karatasi mbili katika bahasha hii. Ile fupi ni ya Bwana Dutton. Inasema kwamba mimi, Clement Sparrey, nilipinduliwa na kugongwa utosi kwenye jiwe lililo hatua arobaini kupita kijumba cha Pask, siku ya matembezi ya mipaka, mwaka 1921, mbele ya kasisi na kijiji kizima. Nimetia sahihi mbele ya karani wa posta. Kila neno ni kweli.

Karatasi hii ni yako peke yako.

Jumamosi kabla ya matembezi, baba aliniamsha alfajiri. Kulikuwa na ukungu. Tulimfunga farasi yule Blossom, tukachukua mnyororo na mtaimbo, tukapanda njia ya Hatch. Jiwe lilikuwa upande wetu wa kijumba, karibu na lango la shamba, ambako lilikuwa limekaa tangu enzi na enzi. Tulilivuta, tukafukia shimo na kuliwekea nyasi juu. Blossom akalikokota hadi kule kwenye mholi. Baba alilisimamisha kwa haraka maana tulisikia mtu wa maziwa. Hatukuangalia herufi. Nimejua leo kwako kwamba tuliligeuza, na nimecheka peke yangu zizini hadi nikakaa chini.

Nilimuuliza baba kwa nini. Alisema Jim Pask, mume wa Annie, alishika zamu yake vitani kule Ufaransa usiku ambao yeye alikuwa na homa, na asubuhi hakukuwa na Jim wa kumrudishia zamu. Na Annie Pask alikuwa na watoto wawili, baridi ile wamechoma viti. Unajua sadaka ya makaa ya Desemba, magunia mawili kwa kila mjane aliye ndani ya mawe. Wadhamini walimwambia Annie wanasikitika sana, yuko nje kwa hatua ishirini. Hatch hawakuwa na sadaka ya makaa wala ya kitu chochote. Baba alisema: "Kama watu hawataki kusogea, jiwe litasogea."

Kisha akaniambia: "Jumatatu watakugonga hapa, na maisha yako yote ukiulizwa utasema hapa. Haitakuwa uongo, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo utakapogongwa." Yeye ndiye mzee wa kanisa, ndiye aliyetangulia na fimbo. Vijana waliolijua jiwe vizuri walikuwa wamelala Ufaransa. Wazee wachache walipofika pale walilitazama jiwe, wakamtazama baba, wakautazama moshi mwembamba wa Annie, wakauliza bia iko wapi.

Sasa kuhusu kifua. Wewe ulikuwa kwenye kinanda, hukuona. Mimi nilikaa karibu naye. Alikuwa akiitikia Amina kwa sauti kwa kila laana, ya mlevi, ya mzinzi, zote. Ikifika ile ya mtu anayesogeza jiwe la mpaka, hawezi kuitikia, na hawezi kunyamaza, maana mzee wa kanisa akinyamaza watu watageuka. Kwa hiyo alikohoa. Alianza mapema kidogo na kumaliza baadaye kidogo, ili isijulikane ni ipi.

Nilipofika umri wa miaka kumi na tano nami nikaanza kukohoa. Ndiyo sababu niliondoka, dada, zaidi ya zile nilizokwambia. Sikumwonea aibu. Nilimpenda kuliko mtu yeyote. Lakini nilijua nikibaki, siku moja kiti chake kitakuwa changu na fimbo itakuwa yangu, na nitatembea kwenye jiwe lile nikiwaonyesha watoto. Na alipofariki, nauli ya meli haikuwa sababu. Nilijua kasisi atasema tunamzika mtu aliyenyooka, na sikujua kama nitalia au nitacheka.

Fanya utakavyo. Ukipeleka karatasi moja, sawa. Ukipeleka zote mbili, sitakulaumu. Wewe ndiye uliyekuwa ukitusimamisha pembeni kwa uongo wa senti moja.

Na usiniambie nyumba ipo. Kwani nimesahau Bi. Pugh alivyotolewa, kitanda chake juu ya mkokoteni wa nyasi, siku tatu tu baada ya kuacha kazi? Nyumba ya mwalimu ni ya mwalimu. Mficha maradhi kifo humuumbua, Enid. Una miaka arobaini na minane na huna pa kwenda, na umeniandikia barua tatu za boga na maziwa bila kusema. Huku kuna chumba. Kinatazama kondoo, lakini kina jua.

Clem


Nyumba ya Mwalimu, Orling
15 Aprili 1956

Clem,

Sisi wazima. Matufaha yamechanua wiki moja mapema. Kila mtu ana wasiwasi wa baridi ya Mei, na ndivyo wanavyopenda kuwa.

Nilikaa na barua yako siku nane. Kwanza nilikukasirikia wewe, kisha baba, kisha nikajikasirikia. Mimi ndiye niliyemenya vile vitunguu, Clem. Miaka ishirini na minne nilimchemshia mtu mzima dawa ya dhamiri yake, naye akainywa yote, akilamba kijiko, akisema, "Ahsante Enid, naona nafuu." Siku ya tatu nilikuwa nafua mashuka nikamkumbuka akilamba kile kijiko, nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Nililia vizuri. Sikuwa nimemlilia hivyo hata siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa na wageni wa kulisha.

Na ndiyo, nilikuficha nyumba. Sikutaka uniandikie jibu kwa kunihurumia. Nilitaka uniandikie kwa sababu ya shule. Sasa unajua, na mimi najua lako, tuko sawa.

Niliamua kusema kweli. Nataka uelewe hivyo. Niliwaza kwamba mwalimu hawezi kuanza kila siku kwa kuwaambia watoto wasidanganye, kisha aishi ndani ya nyumba iliyosimama juu ya jiwe lililosogezwa. Nilifungasha hata vitabu katika sanduku. Alhamisi nilikwenda darasani na karatasi zote mbili mfukoni, na kitanda changu nilishakiaga.

Mkutano ulifanyika saa nane, watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Bwana Dutton aliweka kofia juu ya meza ya udongo wa kufinyangia na hakujua. Kasisi alikuwepo, na Bi. Gummery, na Reg na Olive na wanne wao wamechanwa nywele kwa maji, na nusu ya kijiji mlangoni. Kutoka Hatch alikuja mzee Prosser, ana miaka themanini na moja, mtu ambaye hajawahi kukubaliana na Orling hata juu ya siku ya wiki. Nilijua yeye ndiye atakayetumaliza, na moyoni nilisema afadhali, atanipunguzia kazi.

Bwana Dutton aliisoma ile karatasi fupi. Nilikuwa nimempa hiyo kwanza. Kisha akamgeukia Prosser.

"Hatch mna pingamizi?"

"Nina swali," Prosser akasema. "Hilo jiwe lenu mbona limeipa Orling kisogo? O inatutazama sisi."

Bi. Gummery alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye sweta aliyokuwa akifuma.

"Wewe ukizikwa miaka thelathini na mitano, mzee, hutajigeuza upate usingizi?"

Watu walicheka, hata Bwana Dutton. Prosser hakucheka. Alisema tu, "Basi sina pingamizi. Wachukueni watoto wa Tranter, wanatumalizia matufaha," akakaa.

Ndipo Bwana Dutton akanigeukia mimi. Ni mtu wa heshima, hakuwa na hila. Aliniambia, "Bi. Sparrey, wewe ni mwalimu, neno lako linanitosha. Kwa kadiri unavyojua, jiwe hili halijawahi kusogezwa?"

Nilisimama. Nilikuwa na maneno yangu tayari, yalikuwa manne: baba yangu ndiye aliyelisogeza. Nilifungua mdomo. Nell Tranter alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa gambuti za kaka yake, ananitazama kama anavyonitazama ninapofungua kitabu cha hadithi.

Nilikohoa, Clem.

Sikupanga. Kikohozi kilinishika kutoka mahali nisipopajua, nikakohoa hadi nikashika ubao, chaki zikaanguka. Nikidhani kimekwisha, nilimwona Dutton anasubiri, kikaanza upya. Olive alileta maji. Bi. Gummery aliacha kufuma akanipiga mgongoni kwa mkono ule unaobeba maboga, huku akimwambia Bwana Dutton, "Ni kifua cha kina Sparrey. Baba yake alikuwa hivi hivi, maskini. Usimtese, andika." Bwana Dutton alisema samahani sana, asingependa kunichosha, akaandika. Ameandika kumi na saba. Shule inabaki.

Watu walipotoka nilibaki kuokota chaki. Prosser alibaki pia, anajifunga skafu polepole. Alinipa kopo lake la peremende za kifua, zile nyeusi kali.

"Chukua, mwalimu. Baba yako nilikuwa nampa hizi."

Nilimshukuru. Hakuondoka.

"Na ndugu yako mwambie hivi. Sisi wa Hatch tulitembea mipaka yetu wiki ile ile, siku tatu baada yenu. Tulifika pale kwenye lango, hakuna jiwe, nyasi mpya. Tukalikuta kule mbele, limegeuzwa. Mimi ndiye niliyehesabu hatua. Sitini." Akafunga kopo akalibonyeza mkononi mwangu. "Hatukuwa na makaa ya kumpa yule mama. Lakini ardhi tulikuwa nayo."

Akavaa kofia akaenda zake. Mlangoni aligeuka akasema maharage yetu bado hayaliki.

Miaka thelathini na mitano, Clem. Baba alikohoa peke yake, wewe ukavuka bahari, mimi nikamenya vitunguu, na vijiji viwili vizima vilikuwa vinajua. Wangetuambia tu. Lakini nadhani walidhani sisi ndio hatutaki liguswe, wakatuheshimu. Huo ndio ujirani wa huku, unakumbuka. Mtu atakusogezea mpaka, lakini hatakusumbua kwa mazungumzo.

Karatasi yako ndefu nimeichoma katika jiko la darasani, kwa makaa ya shule. Vitabu nimevirudisha kabatini. Yule paka wa mwisho alikuwa amelala juu ya lile sanduku tangu niliposhusha vitabu, sidhani kama aliamini tunaondoka.

Jumatano ya Majivu mwakani ni tarehe sita Machi. Nimeangalia. Joyce atakuwa ameshaolewa, kondoo wana huyo mbwa, na kiti cha baba mbele kushoto hakijakaliwa na mtu tangu alipofariki. Chumba changu cha juu hakitazami kondoo wala hakina jua, lakini sasa naweza kukuahidi kwamba kipo.

Njoo na Isobel. Nimekwisha panda vitunguu. Ikifika laana ile tutakuwa wawili kwenye benchi moja, na Orling nzima itanyamaza kwa adabu mpaka tumalize.

Dada yako,
Enid